Mwizi wa Jogoo

Leo muuguzi alipompaka mwanangu spiriti mkononi, harufu ile ilinirudisha wodini, kando ya kitanda cha mama. Alikuwa ameondolewa titi lenye saratani. Siku nne alilala akitazama ukuta, na mkono wa upande wa kidonda alikataa katakata kuuinua, ingawa bila mazoezi ungekakamaa.

Sista wa wodi, mwanamke mnene mwenye sauti ya gwaride, akaniuliza mama hupenda kusimulia nini nyumbani. Nikamweleza kisa cha mwizi wa jogoo kwetu Nsambya, kwenye kota za polisi. Akaketi kitandani, akaitangazia wodi nzima: "Basi mwizi akabeba jogoo, huyu mama akajifungia ndani akilia."

Nilitaka kumsahihisha, akanifinya.

Mama akageuka. "Nani alilia? Sista, wacha uongo! Nilimgonga na mwiko wa kusongea ugali, wenye posho ya moto, hivi!"

Mkono ukapanda mpaka juu ya kichwa. Wodi nzima ikapiga vigelegele.

Leo mama alimsimulia mjukuu wake kisa hicho ili asahau sindano. Mkono ulipanda vilevile. Mwizi tu ndiye anayezidi kurefuka.