Nyumba ya Bwana Mara Moja

Pikipiki ilimshusha dobi mahali ambapo hakupatambua, ingawa palikuwa pake. Kwa miaka miwili alikuwa akiitazama nyumba yake kwenye simu: mlango wa bluu, madirisha sita, na dalali akitembea kutoka kushoto kwenda kulia huku akihema, "Ona, mzee. Ona mwenyewe." Leo alikuwa amefika kwa upande wa nyuma, upande ambao dalali hakuwahi kuupiga picha. Ukuta ulikuwa na ukungu hadi usawa wa kiuno. Bomba la maji machafu lilikuwa limefungwa kwa kitambaa. Akadhani amepotezwa, akaingia duka la jirani kuuliza.

"Naulizia nyumba ya vyumba sita. Ina mlango wa bluu."

"Ya Bwana Mara Moja?" Muuza duka hakuinua uso kutoka kwenye mzani. "Hiyo hapo umeipa mgongo. Kama unatafuta chumba, baba, una bahati. Lori linakuja saa nane. Wanahama wote."

Hilo la kuhama alilijua, ndilo lililompandisha basi usiku na mchana. Msimamizi wa nyumba alikuwa amemwarifu kwamba familia zote sita zimepata jengo jipya mtaa wa pili. Jina la Bwana Mara Moja ndilo asilolijua, akajiuliza ni nani huyo anayejipachika kwenye mali ya watu.

Ilikuwa saa nne na nusu. Alikuwa na saa tatu na ushee za kuwazuia. Asipoweza, angebaki na kuta tupu katika mji ambako hamjui mtu, na nyumba yenye ukuta kama ule haipati mpangaji kirahisi wala mnunuzi mwenye haraka.

Mtu huyu alikuwa amepiga pasi mashati ya wenzake kwa miaka ishirini na miwili, katika chumba cha nyuma cha duka la kufulia nguo, mvuke ukimpanda usoni kutwa. Huko kazini alikuwa mpole kupita kiasi. "Ndiyo mama, kesho mapema. Samahani bosi, doa limekataa." Mteja mmoja mwenye suti saba ndiye aliyemtia wazimu, alipomwambia kwamba kodi huingia hata mtu akiwa amelala. Dobi akaenda kwenye semina ya wanaoanza kununua nyumba, akarudi na daftari lenye mistari miwili chini ya kila neno: nunua kunako bei nafuu, hata kama ni mbali, weka msimamizi, usizoeane na mpangaji.

"Hata nyanya tunaibonyeza kabla ya kununua," mkewe alimwambia.

"Wewe hukuwepo kwenye semina," akajibu, na mjadala ukafungwa.

Wao wenyewe walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa bibi mmoja ambaye hakubisha hodi kwa mkono kama watu. Aligonga mlango kwa funguo zake, kisha akasema shida yake kwa nguvu mpaka majirani wote wasikie. Dobi alimchukia bibi huyo kwa miaka tisa. Lakini alipopata nyumba, hakuwa na mwenye nyumba mwingine wa kumuiga.

Basi kila jioni alijifungia stoo ya kazini, katikati ya makoti ya watu yaliyoning'inia, akaiweka simu mdomoni na kumtumia msimamizi ujumbe wa sauti. Mwezi wa kwanza alisema "tafadhali". Mwezi wa tatu alikuwa mtu mwingine kabisa. Koki ya uani ifungwe kufuli saa tatu asubuhi, mara moja! Cherehani ikilia baada ya saa moja jioni, umeme ukatwe mara moja! Anayetaka upepo akalale barabarani! Akimaliza alitoka stoo amenyooka mgongo, akarudi kumwomba mteja radhi kwa kifungo kilichopotea.

Sasa alipanga kuingia uani kama mtafuta chumba, awapime kwanza hasira zao. Uani palijaa vifurushi. Mwanamke mnene, fundi cherehani wa chumba cha mbele, alikuwa akifunga vitambaa kwa kamba, pini zimemjaa kifuani.

Dobi akakohoa kidogo. "Ehm. Habari za hapa. Nimeambiwa kuna chumba."

Kamba ikasimama mkononi mwa fundi. "Hebu sema tena, kaka."

"Ehm. Nimeambiwa kuna chumba."

"Ni yeye!" fundi akasema. "Njooni nje nyote. Ni yeye, na kikohozi chake."

Wakatoka, mlango mmoja baada ya mwingine. Mzee wa chumba cha tatu alikuja na mswaki mdomoni. "Huyu?" akauliza. "Mbona mdogo hivi? Sauti ilikuwa na tumbo!" Wakacheka, lakini hakuna aliyemkaribisha kukaa.

Msimamizi alifika mbio, mtu mwembamba mwenye funguo shingoni. Dobi akamvuta pembeni, ila uani hapakuwa na pembeni.

"Wameijuaje sauti yangu?"

"Nawachezea, bosi. Kila unapotuma, naweka spika hapa katikati."

"Nilikutumia wewe!"

"Ulinituma niwaambie. Bosi, mimi nalala hapa. Maneno yale ningeyatoa kwa kinywa changu, leo nisingekuwa na meno."

"Umetia chumvi, wewe! Umenigombanisha na watu!"

"Sikutia hata punje. Ndiyo maana niliwachezea."

Fundi cherehani alisogea. Alikuwa mfupi kuliko dobi, lakini dobi ndiye aliyerudi nyuma. "Mwezi wa sita mama yangu aliharisha siku nne ndani ya chumba hiki. Nikamwomba huyu akuombe koki iachwe wazi. Ulijibu. Unakumbuka ulijibu nini?"

Dobi alitafuta kichwani, hakuona kitu. Siku ile kwake ilikuwa jioni kama jioni nyingine, makoti na vumbi.

"'Ugonjwa haulipi maji.' Mama alikuwa kitandani, anasikia. Sasa yuko kwa dada yangu, hataki hata kupita mtaa huu."

Hapo dobi akamwaga kila alichokuwa nacho. Koki itakuwa wazi usiku na mchana. Umeme hautaguswa. Ukuta wa nyuma utapigwa plasta. Kodi itashuka. Alisema kwa ile sauti ya kazini, ya doa limekataa, na alikuwa anamaanisha kila neno.

"Tumekusikia," fundi akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tupishe, tunafunga mizigo."

"Mimi pia ni mpangaji!" ikamtoka. "Kwangu pia wananifungia maji. Najua inavyouma."

Fundi alimtazama kama anayekagua kitambaa alichouziwa kibovu.

"Unajua," akasema. "Mimi nilikuwa nakutetea. Nilikuwa nawaambia hawa, labda ni mtoto wa tajiri, hajawahi kubeba ndoo. Kumbe unajua."

Mzee wa mswaki akatema mate karibu sana na kiatu cha dobi. Labda ni mate yale, labda ni jinsi fundi alivyomgeuzia mgongo. Dobi akapandisha mabega, na ile sauti ya stoo ikatoka nje mchana kweupe: "Hii ni nyumba yangu! Hatoki mtu hapa mpaka vyumba vyote vifagiliwe na kupigwa deki! Mara moja!"

Safari hii hawakucheka. Walirudi kwenye vifurushi vyao kana kwamba redio ya jirani imelia ikanyamaza.

Alisimama hapo muda mrefu. Alitaka kuingia hata chumba kimoja, avione ndani vyumba alivyovinunua, lakini kila mlango ulikuwa na mtu anayetoka na mzigo. Jumatatu mashati yalikuwa yakimngoja. "Wewe baki, ulinde," akamwambia msimamizi, akaondoka kwa njia ya nyuma, kando ya ukuta wa ukungu, akitafuta pikipiki ya kumrudisha stendi.

Lori lilifika saa nane kasoro. Vitanda vilipanda kwanza, kisha masufuria, kisha kabati la mzee. Msimamizi alisaidia kusukuma. Lilipokaribia kujaa, akamwuliza dereva kama kuna nafasi ya godoro moja.

"La nani?"

"Langu. Nilinde nini hapa, mijusi?"

Meza ya kukatia vitambaa ndiyo iliyogoma. Iliundwa mle mle chumbani, na mlango wa mbele ulikuwa mwembamba. Walijaribu kwa ubavu, wakajaribu kwa miguu juu. Mwishowe fundi akaleta bisibisi, akaung'oa mlango, bawaba moja baada ya nyingine, na meza ikapita ikikwaruza fremu pande zote mbili.

"Tuurudishie?" msimamizi akauliza, mlango wa bluu ukiwa umemwegemea begani.

Fundi alizipanga skrubu sita kwenye kizingiti cha dirisha, akafuta mikono. "Ulaze hapo chini," akasema, akapanda lori.