Krimu au Maganolia

Mama yangu alipokubali hatimaye kuja kutoka Sondu kuiona nyumba yangu ya Kisumu, mimi na mume wangu tuligombana juu ya rangi mbili ambazo hata Mungu, nadhani, alizitofautisha kwa kubahatisha. Moja iliitwa krimu, nyingine maganolia. Mwenye duka alizipaka kwenye kipande cha mbao, akatuacha tutoane macho.

Mama hakuitaka ndoa ile. Alitangazia ukoo mzima kwamba yule mwalimu wa shule ya msingi atanilaza njaa. Kwetu mama mzazi haingii nyumba ya mkwewe hivi hivi. Huja kwa mwaliko, na akina mama wenzake, na macho yao hayaachi kitu. Nilitaka auone ukuta wangu, ameze maneno yake.

"Krimu inakaa kama ugali wa jana," mume wangu alisema.

"Na hiyo maganolia yako inakaa kama meno ya mvuta sigara."

Tulinuniana wiki nzima. Mwishowe tukanunua zote mbili, tukazichanganya kwenye karai, tukapaka sebule siku moja kabla ya wageni. Jioni tukafungua madirisha harufu itoke, tukawasha taa. Watu wazima, wazaliwa wa ziwani! Sami, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, wakafuata taa na kunasa kwenye rangi mbichi. Kulipokucha ukuta ulikuwa umeota ndevu.

Mama aliketi akiutazama. Wenzake wakakohoa. Aibu ilinishika, nikamweleza yote, nikamwonyesha ile mbao.

"Hizi ni rangi mbili?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na mmegombana wiki nzima?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalegea. "Nyathina, mwanangu, mimi nimekuja na gunia la mahindi, nikijua nitakuta mifupa. Kumbe hapa watu wameshiba mpaka wanapigania nyeupe na nyeupe!" Akawageukia wenzake. "Hilo gunia lipelekwe kwa dada yake. Huyo ndiye mwenye shida."

Nikatabasamu kama mshindi, nikawasindikiza hadi barabarani, gunia likiwa mbele yetu. Ugali waliokula ulikuwa wa unga wetu wa mwisho. Pesa ya unga mwingine tulikuwa tumeipaka ukutani.