Singo ya Alhamisi na P2 ya Ijumaa

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimekulia Malindi mjini, kwenye nyumba ambazo ukikohoa chumbani kwako jirani anakwambia pole, na mambo ya wanawake nimeyasikia tangu nikitumwa ndimu dukani. Lakini yaliyonikuta wakati wa harusi ya wifi yangu, wallahi, mpaka leo nikiyakumbuka naacha ninachofanya nikakaa kitako.

Nianze na mume wangu, maana hana hatia na nataka hilo lijulikane mapema. Kabla ya ndoa tulikubaliana, sisi wawili tu, kwamba hatutazaa mpaka nimalize chuo. Nilikuwa nikisomea ualimu wa chekechea Kilifi, naondoka asubuhi narudi alasiri, na kilichokuwa kimebaki ni mazoezi ya mwisho ya kufundisha, yale ya kusimama mbele ya watoto na mkaguzi amekaa nyuma. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo chochote. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea milango na mageti, amepanga chumba Mtwapa, nami nikakaa kwa wazazi wake Malindi kama ilivyo ada. Alikuwa akifika Alhamisi jioni, anashinda Ijumaa, Jumamosi alfajiri huyo anarudi zake kazini.

Sasa, katika nyumba ile baba mkwe alikuwa na sheria yake moja isiyojadiliwa. Mwanamke mwenye mimba hatoki kwenda mji mwingine kila siku. Wifi yangu mkubwa alipopata mimba aliachishwa kazi ya duka Watamu, na mpaka ninaingia pale kama bi harusi alikuwa bado anazungumzia duka lile kama mtu anayemzungumzia marehemu. Kwa hiyo nilijua vizuri: mimba ikiingia, chuo kimekwisha.

Basi kila Alhamisi mume wangu aliniletea vitu viwili, halua na P2. Vile ni vidonge vya dharura, vya mtu aliyeteleza siku moja, mpira umepasuka au akili zimeruka. Sisi tulivifanya vya kila Ijumaa. Namezea chai ya tangawizi asubuhi, tunacheka, yamekwisha. Mume wangu alijiona hodari kweli. Wenzake kazini walikuwa wakilia na watoto wasiowatarajia, yeye ana mpango wake.

Najua utaniuliza, mwenzangu, kwa nini usiweke kijiti cha mkononi kama watu? Ngoja nikwambie. Katika nyumba ile mume hapokelewi hivihivi. Kila Alhamisi nikirudi kutoka chuo, mavyaa yangu, yaani mama yake mume wangu, alinikalisha kwenye mkeka na kunisinga. Singo yake aliisaga mwenyewe: liwa, karafuu, asumini iliyokauka, akaikanda na marashi ya mawaridi. Kisha anakupaka mikono, mabega, mgongo, na kusugua mpaka ngozi inalia. Vidole vyake haviruki mahali. Sindano ya kushonea ingepotea mwilini mwangu angeitoa. Kijiti huwekwa upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, chini ya ngozi tu, na kila nilipofikiria kukiweka niliviona vidole vile vikisimama hapo.

Njia nyingine nazo hazikuwa nyepesi. Sindano huchomwa zahanati, na pale zahanati ameajiriwa binamu yake mavyaa. Vidonge vya kila siku vinataka pa kuvificha, na chumba chetu hakikuwa na ufunguo, na kabati langu alilipanga yeye, hadi nguo za ndani. P2 inaingia Alhamisi na kutoka Ijumaa. Ganda lake nilikuwa nikilifunga ndani ya karatasi ya halua na kulitia kwenye taka. Nilijisifu kwa ujanja ule.

Damu ikaanza kunichezea. Leo ipo, kesho haipo, wiki ijayo imerudi bila hodi. Na katika nyumba ya watu wanaosali hilo halifichiki, kwa sababu mkeka wako unaonekana umekunjwa. Mavyaa aliniuliza mara moja kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anachambua mchele, kama nimeacha kusali tena. Nikasema mwili hauko sawa. Akasema haya, akaendelea na mchele wake.

Lakini mbele za watu alikuwa mwingine. Wakija wageni, hasa dada zake, atanigeukia na kikombe mkononi: mjukuu wangu mnaniletea lini, au huko Kilifi mnafundishwa kutozaa? Wote wanacheka, nami nacheka, na moyoni nataka kummwagia ile kahawa. Nilimchukia kwa hilo, nasema ukweli. Nilimwona ni mtu anayenihesabia tumbo.

Kisha chuoni alikuja muuguzi kuzungumza nasi. Tulikuwa wasichana wengi na wavulana wachache waliojificha nyuma. Nilikwenda kwa ajili ya soda. Alipofika kwenye P2 nikajituliza, nikijua hapa ni kwangu, sina la kujifunza. Akaeleza kwamba kidonge kile kinachelewesha yai tu, na kwamba ni cha tendo lililokwisha kupita. Ukilala tena na mumeo baada ya kukimeza, hakikukingi. Yai lililocheleweshwa linaweza kutoka baadaye na kuikuta kazi ya usiku uliofuata. Anayekihitaji kila wiki, akasema, anahitaji njia ya kudumu: kijiti, sindano, vidonge vya kila siku au kitanzi, na asisubiri kuteleza. Damu kuvurugika hakumuui mtu, ila ni dalili kwamba anaogea ndoo iliyowekwa ya kuzimia moto.

Mwenzangu! Ijumaa usiku! Tangu tuoane, kila Ijumaa usiku tulikuwa tukilala tumejiachia kama watu waliolipiwa bima, kwa sababu kidonge kilikwisha mezwa asubuhi. Niliiweka soda chini bila kuinywa. Nilipompigia mume wangu simu nilisikia mashine za kazini zikiunguruma, kisha akatoka nje. Akaniambia pole pole kwamba alidhani kimoja kinatosha mpaka Jumamosi. Hata mimi nilidhani hivyo, na hakuna aliyetuambia, kwa sababu hatukumuuliza yeyote.

Mwezi ule damu iligoma kabisa. Nikajiambia ni yale yale mavurugu. Kupima sikutaka. Mazoezi ya kufundisha yalikuwa yanaanza baada ya harusi ya wifi yangu mdogo, shule nimekwisha pangiwa, vitambaa vya kufundishia herufi nimeshona mwenyewe. Nilishikilia vile vitambaa.

Siku ya singo ya wifi yangu ua lilijaa wanawake. Kwao, bi harusi anaposingwa, mama yake naye husingwa, na anayemsinga ni mke wa mwanawe. Ni heshima, unatajwa mbele ya watu. Nikapewa bakuli. Mavyaa alikaa mbele yangu na leso kifuani, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kumsinga yeye. Hakuwa mzee. Aliolewa mdogo, na kitindamimba wake alikuwa bado darasa la kwanza. Nikaanza na mkono wa kulia, nikasugua vizuri, maana shangazi zao walikuwa wakinitazama. Nikahamia wa kushoto. Nikapanda juu ya kiwiko, upande wa ndani.

Kidole kikasimama.

Nilidhani ni mshipa. Nikarudia. Kilikuwa kigumu, kimenyooka, kinateleza kidogo chini ya ngozi. Nilikijua. Nilikuwa nimekiogopa mwaka mzima na ndiyo kwanza nakigusa, na kipo kwenye mkono wa mavyaa yangu, yule anayeniuliza wajukuu mbele ya wageni. Lo! Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, uso umetulia kama mtu anayesubiri basi.

“Endelea kusinga, mwanangu,” akasema.

Nikasinga. Sijui nilisinga nini, pengine nilisugua leso. Walipoanza kuimba akainuka, akaniambia nimsaidie kutoa sahani, nami nikamfuata mpaka chumba cha stoo. Akafunga mlango, akaketi juu ya gunia la mchele. Nilisimama, mikono yangu yote imejaa liwa, sijui niiweke wapi.

Aliniambia kwa kifupi. Kumzaa kitindamimba kulikaribia kumuua, damu haikukoma, madaktari walimkataza kuzaa tena. Baba mkwe aliambiwa akasema Mungu ndiye mpangaji, na bado anataka mtoto mwingine wa kiume. Basi akaweka kijiti kimyakimya, Mombasa, siku aliyosema anakwenda kununua vitambaa. Kilikwisha muda mara moja, akakibadilisha. Miaka yote hiyo hakuna aliyempaka singo mkono wa kushoto isipokuwa yeye mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini basi leo amenipa mkono ule.

“Taka za nyumba hii nachoma mimi,” akasema. “Makaratasi yako ya halua nayafungua. Najua unachomeza kila Ijumaa.”

Nilitaka ardhi ipasuke niingie na bakuli langu. Nikasema, na sauti ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia, kwamba kama alijua, kwa nini alinidhalilisha mbele ya dada zake kila wakija? Akasema wao ndio wanaomuuliza yeye, kila siku, na baba mkwe ndiye wa kwanza. Akinyamaza watauliza amenyamazia nini. Akiniuliza yeye kwa mzaha, hakuna mwingine atakayeniuliza kwa kweli. Na nilipouliza tena, kwa nini hakuniambia niache vidonge vile niweke cha kudumu, alinitazama kama mtoto asiyeelewa dunia.

“Mavyaa amwambie mke wa mwanawe asizae? Ungekwenda kwenu ukasema nini juu yangu?”

Na kweli ningesema. Ningesema hadi koo likauke.

Akanishika mkono, akausugua kidogo pale pale, juu ya kiwiko, singo ikiwa bado mbichi kwenye vidole vyake.

“Kila Alhamisi nakusinga natafuta kijiti,” akasema. “Nasema leo nitakikuta. Leo atakuwa amepata akili. Sikikuti.”

Vidole nilivyovikimbia mwaka mzima, kumbe navyo vilikuwa vikinitafutia heri. Nikaanza kulia, na katika kulia nikamwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu, kwamba damu haijaja. Hakushangaa. Alifungua mkoba wake mdogo wa mkononi, ule wa harusi wenye shanga, akatoa kipimo cha mimba bado kimo kwenye karatasi yake. Akasema huwa anaweka kimoja, kwa ajili yake, kwa sababu hofu haiishi hata ukiwa na kijiti. Akanisukuma msalani.

Nje walikuwa wakiimba. Nilikaa mle ndani na kile kipande cha plastiki, mistari ikatoka yote miwili, mmoja umekoza na wa pili umefifia, lakini upo. Nilivifikiria vitambaa vyangu vya herufi. Nilipofungua mlango mavyaa alikuwa amesimama karibu kabisa, na hakuhitaji kuuliza. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kuanza kulia, yeye, bila sauti, mabega yanamtikisika, mwanamke aliyeniomba mjukuu mbele ya mji mzima.

“Na chuo chako?” akasema. “Mwanangu, na chuo?”

Sikupata nafasi ya kumjibu. Dada yake mkubwa alikuja kututafuta kwa ajili ya sahani, akaona kipimo mkononi mwangu, akaona machozi yetu, akaelewa alivyoelewa. Kigelegele chake kilitoka pale msalani kikaingia uani, wa uani wakakipokea, na kabla sijafuta uso nilikuwa nimezungukwa, nakumbatiwa, napakwa singo mashavuni na watu ambao hata siwajui. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba baba mkwe aitwe.

Mavyaa alijifuta macho kwa leso. Akasimama katikati yao, akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote, mpaka wengine wakanyamaza kumsikiliza. Muda wote ule mkono wake ulikuwa umenishika upande wa ndani, juu ya kiwiko, pale ambapo hapakuwa na kitu, na alinibana hata nikaumia.