Fundi maturubai wa Tunduma na binti aliyekimbia shule

Vumbi la barabara ya mpakani bado limelala kwa umande. Juu ya trela lililosheheni mbolea, Twaibu Mnenge amepiga magoti, sindano ndefu mkononi, anashona turubai lililochanika. Chini dereva anamhimiza, maana foleni ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia, imeanza kusogea.

“Subiri kidogo, bosi. Nikilipua kazi, mvua ikikukuta mbele ya safari utanilaani,” anajibu bila kuinua kichwa.

Twaibu ameifanya kazi hii tangu alipohamia Tunduma kutoka Kondoa na mkewe, Mwanaisha. Malori yakijaa, nyumbani wanakula vizuri. Mpaka ukipoa, wanakula kinachopatikana.

Vipande vinavyobaki havitupi. Binti yao Naila alipoingia darasa la tano, alimshonea begi la shule la bluu, lenye mifuko miwili na zipu.

“Nililishona kwa mapenzi,” anasema. “Kumbe nampelekea mwanangu balaa.”

Shuleni, wasichana kadhaa wakiongozwa na Loisi, wa darasa hilohilo, walimpachika Naila jina la Turubai. Mwanzoni walicheka tu. Baadaye wakawa wanamfunika kwa masweta yao wakati wa mapumziko, wakisema mzigo umefungwa, kisha wanamkalia. Siku moja begi lilikutwa chooni.

Naila hakusema kitu nyumbani. Kila Jumapili jioni alilalamika tumbo. Mwanaisha alimpeleka zahanati, vipimo havikuonyesha ugonjwa, na baba akaamua kwamba mtoto anadeka.

Halafu ikaja asubuhi ambayo Twaibu anaieleza kwa sauti ya chini. Emanueli, dereva wa Zambia ambaye ni mteja wake, alikuwa anazunguka lori kulikagua kabla ya kuliondoa kwenye maegesho. Kati ya matairi ya nyuma akamkuta msichana aliyevaa sare, amelala fofofo. Akamtambua: ni Naila, binti wa fundi wake.

“Angekuwa dereva asiyekagua gari…” Twaibu anaanza, kisha anarudi kwenye mshono wake.

Alipoletewa mtoto, alipandwa na hasira, akainua mkono. Emanueli akaudaka.

“Fundi, mtoto amekuja kulala chini ya gari. Muulize kwanza anakimbia nini.”

Twaibu aliuliza, Naila akainamia viatu vyake. Hakumlazimisha. Alimkalisha pembeni, akampa ncha ya turubai amshikie, akaendelea kushona. Mshono ulipofika katikati, Naila akaanza kusimulia, macho yake yakiwa kwenye uzi.

“Nilitaka niende palepale nikawachape wale watoto,” anasema Twaibu. “Naila akaniambia, ‘Baba, ukienda kugomba wataniongezea.’ Ikabidi nimuulize yeye anataka nifanye nini.”

Naila alitaka ahamishiwe dawati jingine, na asiulizwe habari hizo mbele ya darasa.

Wazazi wote wawili walikwenda kwa mwalimu wa darasa, Mwalimu Atupele, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Mwalimu alikiri kulisikia lile jina na kulichukulia kama utani. Alimhamisha Naila, akaanza kukaa uwanjani wakati wa mapumziko, na akawaita wazazi wa wasichana wale.

Mama yake Loisi, Erica, alifika amefura. “Watoto wanataniana, nyie mnafanya kesi?”

“Mama Loisi,” Twaibu alimjibu, “mwanangu alilala kwenye matairi ya lori ili asije huku.”

Erica alivuta kiti, akaketi. Leo anasema, “Nyumbani Loisi ni mpole. Sikuwahi kuuliza akiwa shuleni yukoje.” Jioni ile alikaa na binti yake, na kesho yake Loisi aliomba radhi mbele ya Mwalimu Atupele.

Mambo hayakunyooka mara moja. Jina lile bado linasikika siku mojamoja, ila maumivu ya tumbo yamekwisha. Mwanaisha alishauri wanunue begi la dukani, Naila akakubali haraka. Roho ilimuuma Twaibu kidogo.

“Lakini anayelibeba ni yeye,” anasema. “Si mimi.”

Zamani Naila akirudi, baba aliuliza alama alizopata. Siku hizi huuliza, “Leo umecheza na nani?” kisha anatulia asikie. Mara nyingi jibu ni Grace, jirani wa dawati jipya, ambaye hutembea naye mpaka nyumbani. Grace ndiye aliyemvuta kwenye timu ya netiboli.

Jumamosi ijayo timu hiyo inakwenda kucheza Vwawa, na Naila amepangwa kulinda goli. Twaibu ameshawaambia madereva wasimtafute siku hiyo.

“Na akifungwa magoli mengi?” anaulizwa.

Fundi anakata uzi kwa meno, anaukagua mshono.

“Basi hapo ndipo atakaponitafuta kwa macho. Anikute nimekaa pembeni ya uwanja.”