Mhakiki wa Pili Alitaka Jina

Mume wangu alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Karatu. Alipofariki aliacha shamba kule Qurus, madaftari mengi, na makala moja ambayo haikuwa imechapishwa. Shamba nililijua vizuri. Makala sikuijua, ingawa ilikaa mezani kwetu miaka mingi na mimi ndiye niliyekuwa nikiisogeza ili nipate pa kuweka sahani.

Niliishia kidato cha pili. Naomba hilo lijulikane mapema.

Wiki ya tatu baada ya mazishi alikuja mwalimu mwenzake, binti aliyechukua vipindi vyake. Alikaa, akanywa chai, akakaa tena. Mwishowe akatoa karatasi mkobani. Zilikuwa zimekuja kwa barua pepe ya shule kutoka kwa mhariri wa jarida la historia la chuo kimoja. Ilibidi anieleze polepole. Makala ikifika kwao huondolewa jina la mwandishi, kisha hupelekwa kwa wasomi wawili wanaoitwa wahakiki. Hao hawamjui mwandishi, na yeye hawajui wao. Wanasoma, kisha wanasema ichapishwe, irekebishwe, au irudi ilikotoka. Ya mume wangu, aliyoituma kabla hajafariki, walisema irekebishwe, na irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi uliokuwa unafuata.

Mhakiki wa kwanza alisifu, akataka mambo madogo. Wa pili alijaza kurasa mbili. Katikati palikuwa na sentensi hii: mwandishi arudi uwandani, kwa watu aliowahoji. Niliisoma mara tatu.

"Hawajui, Dada," binti yule alisema.

"Ninajua hawajui."

Kwa siku kadhaa sikuzigusa karatasi zile. Nilipalilia. Nilikuwa nikichoka hata kabla ya kushika jembe, uchovu ambao haukuondoka kwa kulala. Kisha siku moja nikakaa na kusoma makala yote, tangu mwanzo, kidole kikifuata mstari.

Ilihusu miaka ya njaa. Vitabu alivyofundishia viliandika zaidi habari za vita kati yetu Wairaqw na wafugaji wa Kimaasai. Yeye aliandika jinsi nafaka ilivyopanda kwenda kwa wafugaji na mifugo ikashuka kuja kwetu, na jinsi urafiki wa kaya kwa kaya ulivyoweka njia wazi hata wazee wa pande mbili wakiwa hawasemezani. Moyo wa makala ulikuwa maneno ya bibi mmoja wa Enguserosambu, kule Loliondo, ambaye alipokuwa msichana mdogo aliachwa katika nyumba ya Wairaqw kiangazi kizima ili asife. Katika makala alimwita tu bibi mfugaji. Hapo ndipo mhakiki wa pili alipokasirika. Shahidi asiye na jina hapimiki, aliandika. Litajwe jina lake, umri na mahali, la sivyo sehemu hiyo iondolewe.

Jina nililipata. Lilikuwa katika daftari la kijani, kwa mkono wa mume wangu, kwa penseli. Nikadhani alisahau kulihamisha. Alikuwa mtu wa kusahau miwani, kofia, hata kula.

"Si hili hapa?" binti alifurahi. "Tunaliandika, tunatuma, kazi imekwisha."

Lakini nilijua kwamba bibi yule alifariki mwaka mmoja kabla ya mume wangu. Nikasema sitaandika jina la mama wa watu bila kumwuliza mwanawe.

Nilipanda basi la Loliondo linalopita getini Ngorongoro. Safari ya kwanza tulikwenda wawili, mimi na mume wangu, naye alinionyesha kila kilima kama vile ni chake. Safari hii nilifunga dirisha kwa sababu ya vumbi na sikutazama sana. Kutoka Wasso nilichukua bodaboda.

Mtoto wa bibi, mzee mwenyewe sasa, alinitambua kabla sijashuka, akanisalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya!"

"Iko," nikaitika, kama nilivyofundishwa.

"Mama Mwalimu, umekuja na daftari! Mumeo alibeba maneno yote ya nyumba hii, wewe umefuata makombo?" Kisha akanishika mkono kwa mikono miwili. "Tulisikia. Pole sana."

Tulikunywa chai ya maziwa. Mkwewe aliketi karibu nasi. Nilipoona wakati umefika, nilifungua daftari, nikaeleza habari ya wahakiki, na ili kuhakikisha sijakosea nikasoma jina la bibi kwa sauti, jina kamili, polepole, kama mtu anayeita mahudhurio darasani.

Mkwe aliweka kikombe chini akatoka. Mzee aliangalia ardhi.

Nimeishi karibu na Wamaasai maisha yangu yote, nimewauzia maharage, nimesali nao. Nilikuwa nimelisikia jambo hili na nililisahau siku niliyopaswa kulikumbuka.

"Hapa kwetu aliyekwenda haitwi kwa jina," mzee alisema baadaye, bila hasira. "Tumemwacha apumzike. Mumeo alijua. Nilipompigia simu kumwambia mama hayupo, aliniambia, basi jina nalitoa kwenye ile karatasi. Mimi sikumwomba. Aliahidi mwenyewe."

Kumbe hakusahau. Nilikuwa nimebeba kosa lake mwezi mzima, na halikuwa kosa.

Nikamwomba radhi. Alipunga mkono. "Umekosea kama mgeni. Tutakusamehe kama mgeni." Akafikiri. "Lakini huyo msomi anayetaka jina, anataka kumposa?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na ilinishtua.

Kisha akaniambia jinsi wao wanavyomtaja mama yake pale inapolazimu. Mke wa mtu wa rika la Nyangusi, wa boma la chini ya chemchemi. "Anayejua historia yetu atahesabu miaka mwenyewe kwa hilo rika," alisema. "Asiyejua, jina litamsaidia nini?"

Nilirudi Karatu zikiwa zimebaki siku nne. Binti alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mhakiki wa pili hatakubali. Dada, weka jina lingine la Kimaasai, yapo mengi. Nani atakwenda Enguserosambu kuuliza?"

"Mimi nimekwenda," nilisema.

Hakurudia tena. Kwa kweli alifanya kazi kubwa ambayo mimi nisingeiweza. Alirekebisha rejea zote, akapanga tanbihi, akanisomea kila alichogusa.

Tulituma kutoka steshenari moja karibu na stendi. Tovuti ya jarida ilipofunguka iliandika Karibu tena, na baada yake jina la mume wangu. Binti alitaka kuliziba kwa mkono. Nilimwambia aache, ndiye aliyejisajili.

Barua kwa mhariri niliisema, yeye akaichapa. Alitaka kuongeza heshima na taadhima, nikakataa. Niliandika kwamba mwandishi hawezi kurudi uwandani kwa sababu amefariki. Nimerudi mimi, mkewe. Jina la bibi ninalo na sitalitoa, kwa sababu mume wangu aliahidi. Wakiona lazima kuondoa maneno ya bibi, tunaomba warudishe makala yote.

"Yote, Dada? Miaka yote ile?"

"Yote."

Akabonyeza.

Jibu halikuja upesi. Maharage yalitoa maua, yakakauka, tukayapiga. Sikuwa na matumaini wala sikuwa na hofu. Nilikuwa nimechoka tu. Ilipokuja, barua ya mhariri ilikuwa fupi. Mhakiki wa pili hakuridhika. Mhariri aliamua kuichapisha vilevile, pamoja na rika na boma. Aliomba ruhusa ya kuweka nyota ndogo juu ya jina la mwandishi, na chini ya ukurasa neno marehemu. Niliruhusu.

Nakala moja niliipeleka Enguserosambu. Mzee husoma kidogo, kwa hiyo alinitaka nimsomee. Nilimsomea sehemu ya mama yake, msichana aliyelala kwenye nyumba ya watu asiojua lugha yao, akila ugali wa mtama aliouogopa. Nilipofika kwenye rika na boma alisema, "Ndiyo," kana kwamba nimemwuliza.

Kisha akaweka kidole juu kabisa, kwenye nyota.

"Na hapa?"

Midomo yangu ilikuwa tayari. Tangu tulipomzika sikuwa nimelitamka jina la mume wangu, na si kwa mila yoyote.

"Ni yeye," nikasema.

Hakuniuliza zaidi. Alilikunja jarida, akaliweka mbali na moto, akamwita mkwewe alete chai.