Cheti cha Mtoto wa Kwanza

Mdogo wangu ni fundi viatu, na maneno yake ni machache kama mtu mwenye misumari mdomoni, maana mara nyingi anayo kweli. Ndiyo maana siku ya kwenda ofisi ya vizazi na vifo alinigongea mlango alfajiri.

"Dada, twende wote. Wewe mdomo unao."

Ninao. Na huo mdomo ndio uliotufikisha kule.

Yeye na mkewe walianza na mtoto wa kike. Wifi yangu alimbeba mgongoni, akapanga foleni siku mbili, akamtolea cheti cha kuzaliwa. Mtoto akaishi miezi saba, homa ikamchukua. Picha hatukuwahi kumpiga. Kilichobaki ni kile cheti, na wifi alikitunza chini ya nguo zake ndani ya mfuko wa nailoni.

Miaka miwili na kitu baadaye akazaliwa msichana mwingine. Nikasema mimi, kwa mdomo huu huu: "Cheti kipo, jina zuri lipo, foleni ya nini tena? Mpeni la dada yake." Wakanisikiliza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilijiona nina akili kuishinda serikali nzima.

Sasa binti huyo ana miaka kumi na tatu, na shule inawasajili kwa mtihani wa mwisho. Mwalimu akaweka cheti kando ya kadi ya kliniki. Huku kumi na sita, huku kumi na tatu. Akatupa mpaka Ijumaa. Bila cheti sahihi, mtihani hafanyi.

Tulipokuwa tunatoka, wifi alimkabidhi mumewe kile cheti, lakini hakukiachia mara moja. "Mtafutie huyu cha kwake," alimwambia. "Ila hicho urudi nacho." Mdogo wangu akasema sawa.

Dirisha la kwanza walitutuma la nne. La nne wakasema mtandao hakuna, tusubiri. Mlinzi akaja kutuondoa kwenye benchi, eti ni la wafanyakazi. Nikamuuliza, "Sasa mwanangu, nikakae wapi, kichwani kwako?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, akatuacha. Hapo bado nilikuwa na nguvu za kugomba.

Saa saba karani akatuita. Alikuwa kijana mstaarabu, na hilo likanivuruga, kwani nilikuwa nimejiandaa kwa mtu jeuri. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema tulichofanya ni kosa, lakini hatatupeleka mbali.

"Ila baba, lazima kwanza tusajili kifo cha yule wa kwanza. Humu kwenye kompyuta bado yu hai."

Mdogo wangu akainama kidogo, akajaribu kuchungulia kile kioo upande wa karani. Nikamvuta shati.

Karani akauliza tarehe, ugonjwa, mahali alipozikwa. Mambo hayo mdogo wangu hakuwahi kuyasema mbele yangu tangu siku ya mazishi. Aliyajibu yote, mpaka saa aliyokata roho. Mimi nikatia saini ya shahidi, na aibu ilinishika, jamani, maana ni mimi niliyemnyang'anya yule mtoto jina nikampa mwingine, kisa uvivu wa foleni.

Kisha karani akagonga muhuri juu ya kile cheti cha zamani: KIMEFUTWA. Akakitia kwenye faili.

"Hicho tupe, mwanangu," nikamwambia. "Si umeshakifuta?"

"Hakitoki tena, mama. Ndiyo sheria."

"Basi tutolee nakala."

"Kilichofutwa hakitolewi nakala."

Niligomba. Nilibembeleza. Nilimweleza kwamba picha hatuna, na yeye akainamisha kichwa akasema pole. Mdogo wangu ndiye aliyenishika bega. "Dada, acha. Mtoto ana mtihani." Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta.

Tukatoka na karatasi mbili: cheti cha kuzaliwa cha binti, na cha kifo cha dada yake.

Nyumbani wifi alikuwa amekaa mlangoni. Akakipokea cha binti, akakisoma, akashukuru. Akakipokea cha pili, akakisoma taratibu zaidi. Kisha akanyoosha mkono, anangoja cha tatu.

Mdogo wangu akaangalia chini. Ikabidi niseme mimi. "Kimebaki ofisini, wifi. Kwenye faili. Nilijaribu, sikuweza."

Hakunilaumu, na heri angenitukana. Alikunja ile karatasi ya kifo mara mbili, akaishikilia kifuani.

"Huko wanafunga saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa na nusu."

Ilikuwa imeshapita saa kumi na moja. Akaangalia upande wa barabara tuliyojia.

"Basi wameshamfungia," akasema.