Mtama wa Mama na Kopo la Vanishi

Makumbusho yetu ya jamii hapa Bariadi yana ugonjwa ambao sijausikia kwingine: yanaona haya kuwa na vitu vya kale. Najua ninachosema, maana mtunzaji wake ni mimi, kwa kujitolea, tangu nilipostaafu ualimu. Miaka thelathini na kitu nilifundisha sayansi shule za msingi, nikadhani nikipewa chumba chenye mafuvu na vibuyu nitapumzika. Kumbe nilikuwa najitafutia makubwa.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa ghala la pamba. Mpaka leo upepo ukivuma, nyuzi za pamba zinadondoka kutoka kwenye kenchi na kumtua mgeni kichwani. Ukutani mjumbe mmoja wa kamati aliandika kwa rangi nyekundu MWACHA MILA NI MTUMWA, halafu katikati ya maneno hayo wakapigilia msumari wa kutundikia koti la mwenyekiti. Tulikuwa na fuvu la kiboko kutoka upande wa Mwamanyili, kule ziwani, lililokuja na vibali vingi kuliko karatasi nilizojaza mimi kudai pensheni. Tulikuwa na ganda la kobe, vigoda, kimojawapo cha mtemi wa zamani, vibuyu vya maziwa na majembe ya wahunzi. Tulikuwa na michembe pia, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya bakuli la kioo, na kikaratasi kimeandikwa: CHAKULA CHA WATU WA KALE. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimenywea chai michembe iliyochemshwa, na karanga juu yake. Nikamuuliza mwenyekiti, "Mzee, kwa hiyo mimi ni mtu wa kale?" Akaniambia nisilete siasa kwenye utamaduni.

Na nyoka je! Mfugaji mmoja wa Lingeka alituletea kifutu aliyemuua zizini. Dawa ya kumhifadhia hatukuwa nayo, tukamtumbukiza kwenye chupa kubwa na kumjazia gongo. Kila Jumatatu nikija nakuta gongo imeshuka kidole kimoja, na kila Jumatatu mlinzi ananisalimia kwa furaha ya pekee. Nyoka akaanza kutokeza mgongo. Kamati ikakaa kikao, tukajadili kwa kina, na kwenye muhtasari tukaandika kwamba chanzo ni uvukizi. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyejitolea kwenda kutafuta gongo ya kuongezea.

Hayo yote nilikuwa nayacheka. Lililonikata kicheko ni la mtama.

Mama yangu anaishi kijijini, mbele kidogo ya Lagangabilili, wilayani Itilima. Ana mtama wake mwekundu, mfupi, aliopewa na mama yake siku alipoolewa. Kwelea kwelea hawaupendi kwa sababu ya ukali wake, na mvua ikikatika wiki tatu wenyewe unasubiri tu, hauna haraka. Majirani waliuacha zamani, wakakimbilia mahindi na pamba. Mama hakuuacha. Kila mavuno anachagua masuke yaliyo bora, anayafunga kwa kamba ya katani, anayatundika jikoni juu ya mafiga ili moshi uyafukize na wadudu wasiyaguse. Mbegu hailiwi, hiyo ni sheria. Utotoni kuna mwaka tulikula majani ya kunde asubuhi na jioni, na yale masuke yakining'inia juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyethubutu hata kuyanyooshea kidole.

Sasa, mwaka mmoja mgongo ukamsumbua, akalima kipande kidogo kama sebule. Akapata fungu moja tu la mbegu. Fungu jingine halikuwepo, si kwake wala kwa mtu yeyote ninayemjua. Na hilo fungu moja ndilo nililokwenda kuliomba, kwa sababu kamati ilitaka kona ya mbegu za asili na mimi nilitaka kuonekana mtunzaji hodari.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia mama kwa kilugha kutoka mlangoni.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Umekuja kula au umekuja kuomba?"

Ananijua, mama yangu. Nikamweleza habari za makumbusho, kwamba watu watakuja kuutazama mtama wake.

"Mtu anatoka kwake anakwenda kutazama mtama? Hana shamba?"

"Kuna watoto wa mjini hawajawahi kuuona, mayu."

"Basi walete huku walime."

Nilimbembeleza mpaka chai ikapoa. Mwishowe alipanda juu ya kigoda, akalifungua fungu, akalishika kifuani muda mrefu kabla ya kunipa. Akasema neno moja: mvua ya kwanza isinyeshe mbegu yake ikiwa mjini. Nikamwahidi. Nilimwahidi nikiwa nimesimama palepale jikoni kwake, kofia nimeivua.

Miezi miwili ikapita, tukaambiwa mgeni rasmi anakuja. Jamani, wanaoishi huku wanajua maana ya maneno hayo. Mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa. Miti ikapakwa chokaa mpaka kiunoni. Tairi za maua zikapakwa rangi ya bluu, na mbuzi wa jirani aliyelala karibu na tairi akaondoka na ubavu wa bluu. Kisha mwenyekiti akaingia ndani, mikono nyuma, akazunguka chumba kizima, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mbona kila kitu humu kimechakaa?"

"Ni makumbusho, mzee."

"Sawa, lakini mheshimiwa hawezi kuoneshwa vitu vichakavu. Atatuonaje?"

Yakaletwa makopo mawili ya vanishi kutoka kwa mafundi seremala wa sokoni. Tukapaka. Kigoda cha mtemi kikapakwa, vibuyu vikapakwa, kobe akapakwa. Fuvu la kiboko likang'aa kama mguu wa kochi. Kifutu alisalimika kwa kuwa alikuwa ndani ya chupa, na hata hivyo mwenyekiti aliuliza kama haiwezekani kumtoa kidogo. Mimi ndiye niliyeshika brashi, na nilikuwa nikicheka moyoni, nikijiona mwerevu katikati ya wajinga.

Mwenyekiti akafika kwenye mtama. Masuke yalikuwa meusi kwa masizi ya jikoni kwa mama.

"Na huu uchafu?"

"Huo ni moshi, mzee. Na mtama una mwenyewe, anausubiri aupande."

"Mheshimiwa hatamwona mwenyewe. Ataona masizi." Kisha akanishika bega, akashusha sauti. "Mwalimu, wewe ndiye utakayempa maelezo. Dakika tano nzima. Umeandaa suti?"

Nilikuwa nimeandaa. Hapo ndipo nilipokwisha. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kwamba mbegu ni kiumbe hai, inapumua, ukiinyima maji haioti, ukiinyima hewa inakufa, nikachukua masuke ya mama yangu nikayapaka vanishi. Mwenyekiti akasema bado hayajang'aa vizuri. Nikayachovya kwenye kopo, moja baada ya jingine, mpaka kila punje ikavishwa. Najua kabisa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nafikiria suti.

Mgeni rasmi mwenyewe hakuja, alimtuma mwakilishi, na mwakilishi aliyetarajiwa saa tatu asubuhi alifika saa nane. Alisimama mbele ya fuvu la kiboko akauliza kama ni tembo. Akakalia kigoda cha mtemi apigwe picha, na kwa vile vanishi haikuwa imekauka, aliposimama kigoda kikasimama naye, kisha kikaanguka kwa kishindo na watu wote wakapiga makofi. Mimi nikavuta pumzi nianze maelezo yangu. Akaniuliza choo kiko wapi. Dakika zangu tano ziliishia hapo, na suti nilikuwa nimeinyoosha mara mbili.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, mama alipanda bodaboda akaja mjini na kapu. Hakunipigia simu. Aliingia akaangaza macho chumba kizima, akauliza, "Mbona vyote vimepakwa mafuta?" Nikaanza kueleza, hakunisubiri. Akaenda moja kwa moja kwenye fungu lake. Alichofanya ni kile anachokifanya kila mkulima wa kwetu kabla ya kupanda: alichomoa punje moja akaitia mdomoni, akaing'ata. Akaitemea kiganjani, akaitazama.

"Umeipaka nini?"

"Vanishi, mayu."

"Vanishi ni nini?"

"Ni ya kung'arishia meza."

Alinitazama.

"Si wewe ndiye mwalimu?" aliniuliza. Na hakuwa akinisuta, alikuwa akiuliza kweli, kama mtu anayehakikisha hajakosea nyumba.

Alipotia fungu kapuni, mwenyekiti akatokea mbio. Akasema kifaa kile kimeshaandikishwa na kupewa namba, hakitoki bila kikao. Kwa mara ya kwanza katika makumbusho yale nikapandisha sauti. Nikamwambia aitishe kikao cha kunifukuza mimi, na ajenda ya pili iwe gongo ya nyoka. Akarudi nyuma, akanyoosha koti lake.

Mama alijaribu. Alipukuchua nusu ya masuke, akaziloweka punje kwa maji ya majivu, akazisugua kwa mchanga kati ya viganja mpaka vidole vikachubuka. Mimi nilikwenda kulima, na mgongo wangu wa chaki ukanikumbusha umri wangu. Tukapanda. Mvua ikanyesha vizuri mwaka ule, nzuri ajabu, mahindi ya jirani yakatoka, kunde zikatoka, magugu yakatoka kwa fujo. Kwenye mistari yetu hapakutoka kitu. Siku ya kumi mama alichutama akafukua kwa kidole. Punje ikatoka inang'aa vilevile, utadhani imetoka kwenye kopo jana.

"Basi," alisema. Akajipangusa mikono, akaenda kupika.

Baada ya wiki alikuja na nusu iliyobaki, akaiweka mezani kwangu. Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. Akamshika mama mikono yote miwili, akasema huyu ndiye mzalendo, kama kila mwananchi angerudisha mali ya umma kwa hiari nchi ingekuwa mbali. Mama akamjibu "Wabeja," yaani asante, akangoja aondoke. Kisha akanyoosha kidole kwenye kile kikaratasi kilichokuwa mbele ya mtama. Hakusoma shule, mama yangu.

"Hapo mmeandika nini?"

Nikamsomea. "Mtama mwekundu. Mbegu ya asili ya wakulima wa Itilima. Bado inalimwa."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo, mayu."

"Hayo ya mwisho yafute."

Nikayafuta. Nilikandamiza mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nikamuuliza kama niandike kitu kingine pale.

"Andika jina lako."

Nikaliandika, majina yote matatu. Alisimama juu yangu mpaka nikamaliza, kisha akachukua kapu lake tupu akaenda kutafuta bodaboda.

Karatasi hiyo bado ipo. Wageni wanaoisoma hudhani ni jina la mtu aliyetoa mtama ule kwa makumbusho, na wengine wakijua kwamba ndiye mimi hunishika mkono na kunipongeza. Nami huwaambia asante.